Sensa ya Nyuma na Mafuta ya Ndege

Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi siku ya Jumanne, jeep ya hospitali ikitoka kliniki ya Kiambere, na kufikia Ijumaa kila mtu hospitalini alikuwa na maoni yake. Mpishi alisema ni maji kwenye petroli. Karani wa dawa alisema ni plagi. Fundi mmoja wa mjini, ambaye sikumwita, alichungulia dashibodi kwa dakika moja akanishauri nitoe balbu.

"Ukitoa balbu, hiyo taa haitakusumbua tena," aliniambia.

Hilo nalo ni kweli. Hata mgonjwa ukimziba mdomo halalamiki.

Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa fundi wa magari katika hospitali moja ya kanisa nje kidogo ya mji wa Embu. Kwetu ni Kianjai, upande wa Meru; Embu nilikuja kutafuta kazi, na katika kuitafuta nikapata na mke. Hospitali ilikuwa na pikapu mbili za dizeli, basi dogo lililokaa juu ya mawe zaidi kuliko barabarani, na hiyo jeep ya Kimarekani, ambayo daktari mmoja mgeni alituachia aliporudi kwao. Yale magari mengine niliyatibu kwa sikio na kwa pua. Jeep ilikuwa na kompyuta, na kompyuta hainusiki. Daktari alilijua hilo, akaniachia pia kitabu cha gari, kinene kama Biblia ya mimbarini. Nilikisoma sura baada ya sura, hadi mke wangu akaniuliza kama kuna mtihani.

Nina tabia moja ambayo yeye huiita kiburi nami huiita utaratibu. Sipendi kubahatisha. Mtu akiniambia "ni plagi tu" hasira hunipanda hata kama kweli ni plagi, kwa sababu hakujua, amepatia tu.

Ijumaa hiyo katibu wa hospitali aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu mfupi, msafi, asiyependa maneno marefu isipokuwa yake.

"Fundi, mimi nataka kujua kitu moja tu," alisema. "Hiyo taa imewashwa na mafuta taa, ama haijawashwa na mafuta taa?"

Nilimuuliza mafuta taa yametoka wapi.

"Watchman ameona dereva akimwaga kitu kwa tangi na jerikeni. Si mara moja. Na ni huko nyuma ya stoo. Sasa wewe niambie, mtu wa haki anawekea gari petroli nyuma ya stoo?"

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Wizi wa namna hiyo ulijulikana na kila mwenye gari: dereva ananyonya petroli kwa mpira, anaiuza, kisha anajazia mafuta ya taa ili mshale wa geji usimsaliti. Gari linaendelea kutembea, likikohoa.

"Kamati inakaa Jumatatu, si hii, ile ingine," katibu alisema. "Kama ni mafuta taa, huyo mzee anaenda nyumbani hiyo siku. Wewe pima, uandike ripoti."

Huyo mzee, yaani dereva, alikuwa mtu wa Kiambere, huko Mbeere, umri wa hamsini na kitu, amebakiza miaka miwili astaafu. Alikuwa mzee wa kanisa, na sala yake ilikuwa fupi kuliko za wazee wengine wote, jambo lililomfanya apendwe na wengi. Alikuwa pia mkwe wangu. Baba mzazi wa mke wangu alikuwa amefariki, na ni huyu, mdogo wa marehemu, aliyekaa kwenye kiti chake siku tulipopeleka mahari. Kwetu Meru na kwao Mbeere neno ni moja, muthoni, mkwe humwita mkwe hivyo kwa pande zote mbili, na heshima yake haina mchezo. Muthoni hataniwi, hakatizwi maneno, haitwi kwa jina, na zaidi ya yote hashtakiwi mbele ya watu. Mkiwa na neno zito baina yenu mnampa mtu wa tatu alibebe, naye hulifikisha kwa upole hata kama liliondoka kwa ukali. Tulifanya kazi katika uwanja mmoja kwa miaka sita na sikumbuki kama tuliwahi kutazamana machoni kwa muda mrefu.

Nilimkumbusha katibu kwamba dereva ni mkwe wangu.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nataka vipimo. Maneno sitaki."

Alinipata pale pale ninapopatikana.

Jumamosi asubuhi nililisukuma gari hadi chini ya bati la gereji, nikaanza na kompyuta. Gari la aina ile lilikuwa na njia yake ya kusema bila mashine: unafungua swichi, unafunga, unafungua, unafunga, unafungua, yote ndani ya sekunde tano na injini ikiwa imezimwa. Kisha unakaa kimya unaihesabu taa inavyopepesa. Ilipepesa mara moja, ikapumzika, ikapepesa mara mbili. Kitabu kilisema hiyo maana yake betri iliwahi kutolewa. Nililijua hilo, niliitoa mimi. Ikapepesa mbili, ikapumzika, moja. Mwisho ikapepesa tano na tano, yaani sina la ziada.

Mbili na moja ilikuwa sensa ya oksijeni.

Hapo fundi wa mjini angeagiza sensa Nairobi na kwenda kunywa chai. Lakini jeep ilikuwa na sensa mbili. Ya kwanza hukaa kwenye bomba la moshi karibu na injini; ya pili hukaa nyuma zaidi, baada ya mtungi unaosafisha moshi. Ile ya mbele hupima moshi kama ulivyotoka jikoni, na kazi yake ni kuhangaika: inapanda na kushuka muda wote, na kompyuta hupunguza au huongeza petroli kwa kuifuata. Ya nyuma hupima moshi uliokwisha kusafishwa. Yenyewe hutakiwa kutulia. Lakini kutulia si kulala. Ukibadilisha moshi kwa ghafla nayo ibadilike, isije ikajibu leo swali la jana. Na mtungi wenyewe huchelewesha habari kidogo, kwa hiyo si haki kuihukumu ya nyuma kwa mwendo wa ile ya mbele. Hilo nililisoma mara tatu ili nilielewe.

Sasa ilibidi kuwe na vipimo. Mita ya mshale niliyokuwa nayo haikufaa, kwa sababu umeme wa sensa ni mdogo mno na mita ile hunyonya sehemu yake kabla haijakusomea. Nilikwenda maabara wakaniazima mita ya tarakimu. Wodi ya wazazi walinipa pini mbili za nepi, nikazichomeka nyuma ya soketi ya waya bila kuichuna. Maabara hao hao walinipa mtungi mdogo wa gesi na mpira wake. Na kwa nesi mmoja wa zamu niliomba saa, ile wanayoning'iniza kifuani kichwa chini wakihesabu mapigo ya moyo. Aliniuliza nampima nani.

"Jeep," nilimwambia.

"Ikiwa na homa uniite," alisema.

Sensa ikiwa baridi haisemi kweli, kwa hiyo kwanza nililipeleka gari hadi njia panda na kurudi, mlima na mteremko, mpaka bomba zima likawa la moto. Kisha nikalisimamisha, nikakanyaga pedali ya mafuta kiasi, na kupitisha mpira wa gesi kwenye hewa inayoingia injini. Gesi ikiingia, moshi hunenepa na sensa yoyote nzima inapaswa kupanda hadi karibu nukta nane ya volti. Ukifunga gesi na kuachia pedali ghafla, kompyuta hukata petroli, bomba hujaa hewa tupu, na sensa inapaswa kuanguka mara moja hadi chini ya nukta mbili.

Ya mbele ilipanda vizuri, ikaanguka kabla sijamaliza kusoma namba. Ya nyuma ilipanda kama mtu anayepandishwa ngazi kwa kusukumwa. Nilipoachia pedali, ilibaki juu. Sekunde moja, mbili, tatu. Nukta sita, nukta tano. Ilifika chini kwenye sekunde ya tano. Nilirudia mara kumi na kuandika kila mara kwenye karatasi. Mara kumi ilikuwa tano, au tano na kidogo.

Hata hapo sikuihukumu. Tundu dogo kwenye bomba huingiza hewa na kuivuruga sensa, kwa hiyo niliziba mdomo wa bomba kwa tambara, nikapaka viungo vyote povu la sabuni. Hakuna kilichotoa mapovu. Nilipima hita iliyo ndani ya sensa, ile inayoipasha moto, ilikuwa nzima. Nilipima waya kutoka soketi hadi kwenye kompyuta, ulikuwa mzima. Kisha nikafanya lile ambalo hadi leo naliona ndilo zuri kuliko yote niliyofanya katika kazi ile. Zile sensa mbili zilifanana kwa uzi na soketi. Nilizilowesha mafuta, nikazifungua, nikazibadilishana nafasi.

Ugonjwa ulihama. Ile ya mbele, ilipokaa nyuma, ilijibu ndani ya sekunde moja. Ile ya nyuma, ilipokaa mbele, ilichukua sekunde zake tano zile zile, na injini ikaanza kuyumba kwa kuongozwa na kipofu. Basi kosa halikuwa bomba, wala waya, wala kompyuta, wala mtungi. Nilijisikia vizuri sana. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu raha ile ilidumu kama dakika tatu.

Niliifungua tena ile sensa mbovu, nikaipeleka kwenye jua na kukifungua kitabu kwenye ukurasa wenye picha. Picha zilikuwa za ncha za sensa zilizokufa, moja moja, na chini ya kila moja maelezo ya kifo chake. Ncha nyeusi yenye masizi: mafuta mazito, na hapo ndipo mafuta ya taa yangekaa. Ncha yenye unga mweupe: maji ya rejeta yameingia kwenye moto. Ncha ya kijivu inayong'aa kidogo, kama imepakwa rangi ya fedha kwa brashi mbaya: risasi, yale madini yanayochanganywa kwenye petroli.

Yangu ilikuwa ya kijivu. Haikuwa na alama moja ya masizi. Muthoni alikuwa amepona, nilifikiri, na kwa kweli nilifurahi kwa ajili yake.

Lakini sikupenda wingi wa ile rangi. Siku zile petroli yote ya nchi ilikuwa na risasi. Kitabu kilikataza petroli ya namna hiyo, nami nililipuuza katazo kwa kuwa nyingine haikuwepo. Petroli ya stesheni ingeiua sensa ile polepole, na ya mbele nayo ilikuwa imeanza kupata kijivu chake, ingawa joto la injini liliisaidia. Ila kwa miezi michache gari lilipotembea tangu daktari aondoke, kijivu kile kilikuwa kingi mno. Kulikuwa na kitu kingine kwenye tangi. Nilikaa juu ya tairi, sensa mkononi, nikijiuliza ni kitu gani, na jibu likaja bila kubisha hodi.

Miezi mitano hivi kabla ya hapo, muthoni alikuja gereji na chupa ya soda yenye maji ya buluu. Siku za kupeleka dawa alikuwa akienda kwenye kiwanja kidogo cha ndege kumpokea rubani wa ndege ya misheni.

"Muthoni," aliniambia, akiiangalia chupa na si mimi, "huyu rubani kila asubuhi anatoa mafuta kidogo chini ya tangi za ndege, kuangalia kama maji imeingia. Halafu harudishi. Anaweka kwa jerikeni. Amesema tuchukue, ni bure. Lakini nikasema kwanza niulize fundi. Inaweza faa gari?"

Niliyanusa. Nilidondosha tone kwenye karatasi likakauka bila kuacha doa. Nakumbuka nilivyoiinua chupa kwenye mwanga, kama mtu anayejua anachotafuta.

"Haya ndiyo mafuta safi kuliko yote," nilimwambia. "Kama yanabeba ndege na watu ndani, yatashindwa na jeep? Weka tu."

"Basi wewe ndiye fundi," alisema, akaenda zake. Kuanzia hapo kila wiki alijaza jerikeni, akaimimina nyuma ya stoo, kwa kuwa ndiko kulikuwa na kivuli na hakutaka petroli ipate jua. Mimi nilisahau.

Sikujua kilichomo ndani ya mafuta ya ndege, na sikusema kwamba sijui. Mtu asiyependa kubahatisha alikuwa amebahatisha, tena kwa sauti ya mwalimu.

Jumatano nilichukua baiskeli nikaenda kiwanjani. Nilimkuta rubani akifuta kioo. Nilimuuliza kama mafuta ya ndege yana risasi.

"Nyingi," alisema kwa furaha, "kuliko ya magari yenu. Injini hizi bila hiyo zinagonga. Kwa nini?"

Nilimwambia nauliza tu.

Niliandika ripoti kurasa mbili. Niliandika kuhusu taa, mita, gesi, sekunde tano mara kumi, sabuni, na kubadilishana nafasi. Niliandika kwamba hakuna alama yoyote ya mafuta ya taa. Niliandika kwamba sensa imeuliwa na risasi iliyomo kwenye petroli, na hapo nikaweka nukta. Kila neno lilikuwa kweli. Nilijiambia kwamba nukta ile inamlinda muthoni, maana ukisema mafuta ya ndege utaulizwa mengine. Ilimlinda pia mtu mwingine, ila huyo sikumtaja hata moyoni.

Jumapili, baada ya kanisa, shangazi wa mke wangu alifika nyumbani. Alikuwa dada wa muthoni, mwanamke mrefu wa Kiambere asiyetembea bila sababu, na alikuwa ametuletea asali kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Alikunywa chai, akauliza habari za watoto, akasifu mahindi. Alipomaliza aliweka kikombe chini.

"Kaka yangu amenituma kwa muthoni," alisema. "Anasema hivi: amesikia kwa rubani kwamba muthoni alikwenda kuuliza. Anasema kesho ataulizwa mbele ya watu ni nini ilikuwa kwa jerikeni, na yeye hawezi kudanganya. Anauliza tu kama muthoni anakumbuka ile siku ya chupa."

Mke wangu alinitazama. "Siku gani ya chupa?"

"Ni maneno ya kazi," nilimwambia. Kisha nikamgeukia shangazi. "Mwambie nakumbuka."

"Nitamwambia," alisema. Ujumbe ulikuwa umefika ulivyotakiwa kufika, bila lawama na bila shahidi, na mlango umeachwa wazi ili niupite mwenyewe, kwa miguu yangu.

Kamati ilikaa Jumatatu saa nne asubuhi: katibu, mchungaji, matroni, na wazee wawili wa parokia. Katibu alisoma ripoti yangu kwa sauti, yote, hata sabuni. Mchungaji alisema hajawahi kusikia kazi iliyofanywa kwa uangalifu hivyo. Matroni aliuliza kama saa ya nesi ilirudishwa. Nilisema ndiyo. Muthoni alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Basi si mafuta taa," katibu alisema. Alionekana kama aliyepungukiwa. "Lakini watchman hakuota. Mzee, kwa jerikeni kulikuwa na nini?"

"Mafuta ya ndege," muthoni alisema.

Alieleza: rubani, tangi, maji, kivuli cha stoo. Alieleza kama alivyoomba kanisani, kwa ufupi. Katibu alinigeukia.

"Fundi, hayo mafuta ya ndege yako na hii risasi?"

"Yana."

"Ndiyo yaliharibu hiyo sensa?"

"Ndiyo," nilisema.

Ningeweza kuendelea. Sentensi iliyofuata ilikuwa fupi, nilikuwa nimeiandaa tangu jana: mimi ndiye niliyemwambia aweke. Ilikuwa mdomoni. Lakini mchungaji alikuwa bado ameshika ripoti yangu, akiipitia tena ukurasa wa pili kwa heshima, na mimi nikawa namtazama akiisoma.

"Mzee," katibu alimuuliza dereva, "nani alikwambia uweke mafuta ya ndege kwa gari ya hospitali?"

Muthoni hakunitazama. Heshima haikumruhusu, na hata ingemruhusu sidhani kama angenitazama. Alisubiri. Nimepima ucheleweshaji mwingi katika maisha yangu na najua kuhesabu sekunde bila saa. Alinipa tano, labda sita.

"Hakuna mtu," alisema. "Ilikuwa ni akili yangu."

Walimwachisha kazi siku hiyo hiyo. Si kwa wizi, katibu alisisitiza, bali kwa kuweka vitu visivyoruhusiwa katika mali ya hospitali. Wazee wawili walitikisa vichwa. Matroni alisema ni huruma. Mimi nilikabidhiwa ufunguo wa jeep hadi atakapopatikana dereva mwingine. Niliona aibu, aibu ya kawaida kabisa, ile inayochoma masikio, na nilikwenda nayo gereji nikabadilisha oili ya pikapu ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

Mke wangu alikuja kuyajua kwa njia ya kwao, kwa wanawake. Hakugombana nami. Alinipakulia chakula, akakaa upande wa pili wa meza, akasema, "Yule ndiye aliyepokea mbuzi zako kwa mikono yake." Kisha akanisogezea chumvi.

Nilivumilia wiki tatu. Katika wiki ya nne niliandika barua kwa kamati, na safari hii sikuweka nukta pale isipotakiwa. Niliandika kuhusu chupa, tone, karatasi, na maneno yangu kama nilivyoyasema. Niliomba mzee arudishwe kazini na kosa liandikwe kwangu. Lakini nilijua siwezi kuipeleka barua inayomhusu muthoni bila yeye kujua, kwa hiyo nilimtafuta shangazi siku ya soko, nikamsomea yote, nikamwomba aifikishe Kiambere kwa mdomo. Nilimwambia aseme pia kwamba naomba msamaha.

Alirudi baada ya siku nane. Hakuketi, na chai aliikataa.

"Nimefikisha yote," alisema. "Hata ile ya msamaha. Alikuwa shambani anapanda ndengu, akasimama akasikiliza mpaka mwisho."

"Akasemaje?"

"Anasema amekusamehe siku nyingi, hiyo usiwe na wasiwasi. Lakini barua usipeleke."

Nilimwambia kwamba barua ndiyo itakayomrudisha kazini.

"Anajua," shangazi alisema. "Anasema hivi: swali aliulizwa yeye, mbele ya mchungaji, na akajibu. Yeye ni mzee wa kanisa. Muthoni asije sasa akamfanya mwongo."

Nilikuwa na barua mfukoni. Nilimuuliza kama hakusema lingine.

"Hapana," alisema. "Mvua ilikuwa imekaribia. Alirudi kwa ndengu zake."